Pikipiki haina pa kujificha

Swahiba wangu,

Salamu sana. Mimi mzima, ila vidole vimeota malengelenge na ukucha wa gumba umemegeka. Mchawi ni ile roboti ndogo ya plastiki ya kuunganisha vipande kwa vipande niliyokudokezea, ile inayogeuka pikipiki. Jana usiku wa manane ilisimama kwa magurudumu yake mawili kwa mara ya kwanza. Ikaanguka papo hapo, lakini ilisimama!

Ulinicheka, ukaniuliza kwa nini nisianze na inayogeuka gari. Sasa jibu ninalo. Gari lina bodi. Mikono, miguu, kichwa, vyote unavisukumiza ndani, ukishafunga milango nani atajua? Pikipiki iko uchi. Itazame ubavuni: injini unaiona, ekzosi unaiona, na katikati ya vyuma mwanga unapita. Basi kila kiungo cha roboti sharti kiwe kitu fulani cha pikipiki. Hii yangu mapaja ndiyo fremu, mikono inalala pembeni inakuwa ekzosi, kichwa kinazama chini ya tangi la mafuta. Gurudumu la mbele halina kazi kwenye roboti, likabebwa mgongoni kama mtoto.

Kuna katuni ya Kijapani ya mwaka 1983, Mospeada, ambamo pikipiki hufunguka ikamvaa dereva wake kama deraya. Wajanja wale! Mikono na miguu ni ya dereva mwenyewe, pikipiki inaongeza magamba tu. Yangu haina dereva wa kuiazima mwili.

Vipande vinakuja vimeshikana na vijiti vya plastiki, na kuvikata humo hakuna hadithi. Unakata mara mbili, kwanza mbali kidogo, kisha karibu, halafu msasa. Ukikata mara moja kwa pupa plastiki inabaki na doa jeupe, na doa hilo kwenye plastiki nyeusi utaliona hata ukiwa chumba cha pili.

Balaa lilikuwa goti la kushoto. Ili mguu ukunjike, kwanza unauvuta ugoko chini milimita chache hadi usikie "tk", ndipo unapinda. Nilipoijaribu bila rangi, ikateleza kama siagi. Nikafurahi, nikapaka rangi ya fedha kila mahali, hata ndani ya ule mfereji ambao ugoko unapita. Sikufikiri kwamba rangi nayo ina unene. Ilipokauka, ugoko ukagoma. Nikaulazimisha. Nikasikia "tak!", na hiyo si "tk", swahiba. Pini ya goti ilikatika, nusu mkononi mwangu, nusu imebaki tunduni inanitazama.

Niliiacha mezani siku mbili, sikutaka hata kuiona. Siku ya tatu nikatoboa pande zote mbili kwa keekee ya mkono ya milimita 1, nikakata kipande cha kibanio cha karatasi, nikakipachika katikati kwa gundi kali, nikaacha hadi asubuhi. Sasa goti hilo ni imara kuliko la kulia. Mfereji nao nikaukwangua rangi yote.

Kwa hiyo ukinunua yako, igeuze mara mbili tatu ikiwa tupu kabla ya brashi kugusa chochote, na sehemu zinazosuguana ziache na rangi yake ya kiwandani. Na viungo vya ABS, ile plastiki ngumu, usivipelekee tina ya kuzimulia rangi. Inapenya kwenye pini iliyobanwa, unakuta imepasuka yenyewe, hujaigusa. Kiungo kikilegea, paka gundi kali kidogo sana kwenye kichwa cha duara cha kiungo, uiache ikauke kabisa kabla hujakirudisha, kisha kizungushe. Mimi niliharakisha kwenye bega, likakaribia kuganda moja kwa moja.

Imebaki hiyo kuanguka. Stendi ya pembeni ni nyembamba kama njiti ya kiberiti na uzito wote uko nyuma, kwenye miguu iliyokunjwa. Kwa sasa naiegemeza kwenye kikombe, na ukiwa upande wa pili wa meza hukioni kikombe.

Ukija, njoo na tupa yako nyembamba. Stika za maji, zile za kuloweka kabla ya kubandika, sijazigusa bado. Nakungoja wewe, mkono wako hautetemeki kama wangu.

Wako,
Fundi wa usiku