Mama, kuku aliyepona usimwamini

Lincoln, Uingereza
14 Mei 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ama baada ya salaam, huku hatujambo sote, mkwe wako na watoto wanakusalimu, na baridi imeanza kulegea kidogo. Ujumbe wako wa sauti kuhusu kuku wanaougua nimeusikiliza wote na picha alizotuma mdogo wangu nimezitazama moja moja. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu tunakatizana, unaniambia "sawa mwanangu", kisha kesho yake shangazi anakuja na lake. Basi barua hii isomwe hapo uani kila mtu asikie, na wifi akae karibu, maana yeye ndiye anayewatilia kuku maji.

Kwa ninavyoona, hayo ni mafua ya kuku. Uso umevimba upande mmoja, jicho limefumba, puani makamasi, na wifi anasema banda zima linanuka uvundo. Uvundo huo ndio unaonifanya niseme mafua. Kingekuwa kideri, ule mdondo, Mama, saa hizi tungekuwa tunazungumza mengine: kinyesi cha kijani, shingo zimepinda, kuku anazunguka mahali pamoja mpaka anaanguka, na kila asubuhi mnaokota mizoga. Kwako amekufa mtetea mmoja, waliobaki wanakula kwa uvivu na mayai yamepungua. Hivyo ndivyo mafua yanavyofanya. Lakini mimi si daktari wa mifugo. Nahudumia kuku wa mayai kwenye shamba la watu, na jicho la kwenye simu halitoshi. Afisa mifugo wa kata aitwe awaone kwa macho yake, kwani yapo pia mafua sugu, yale ya kukoroma usiku, na mara nyingine yote mawili huwa ndani ya kuku mmoja.

Yametoka wapi? Mchawi msimtafute. Ulinieleza mwenyewe kwamba kabla ya Idi mlinunua kuku pale soko la Mgandini, Tanga, wale wanaoletwa na basi kutoka Handeni, mkachinja mliowahitaji na waliobaki mkawatia bandani pamoja na wenzao. Kuku wa tenga amekaa juu ya basi ubavuni mwa kuku wa vijiji vingine, amekunywa kopo moja nao sokoni, na mafua haya yanataka siku moja mpaka tatu tu kujionyesha. Mnunuzi hawezi kuyaona. Kibaya zaidi, kuku aliyewahi kuugua miezi iliyopita akapona anaweza kuonekana mzima kabisa, anang'aa manyoya, na bado amebeba vijidudu puani. Akinywa maji, anawaachia wenzake.

Halafu masika yamewakuta banda likivuja. Naijua ile kona ya nyuma, bati lake limeoza tangu marehemu baba yupo. Maranda yakilowa kinyesi kinatoa hewa kali, ile inayowasha macho ukiinama mlangoni. Wewe unainama mara moja unaondoka, kuku analala humo usiku kucha, na hewa hiyo inaunguza njia yake ya pumzi hata ugonjwa ukija haupati kizuizi. Kabla ya kununua dawa yoyote, toeni maranda yote, mwagieni jivu chini, tandikeni makavu. Fedha za bati nimemtumia mdogo wangu. Ni za bati, nasema mbele ya watu wote.

Sasa dawa. Mafua haya yanatokana na bakteria, kwa hiyo dawa zipo: oksitetrasaiklini ya kutia kwenye maji, au tailosini, kwa kadiri afisa mifugo atakavyoona. Zile za salfa zinafanya kazi, ila kuku wanaotaga mayai ya kula hawapewi, kwa hiyo muuza duka akiwapa hizo aulizwe vizuri. Maji ya dawa yawe ndiyo maji pekee bandani. Wifi nimemwona kwenye video: kopo la dawa lipo, na sufuria ya maji ya kisima iko pembeni, na kuku wote wako kwenye sufuria! Iondolewe. Dawa ichanganywe upya kila asubuhi kwa kipimo cha kwenye pakiti, kopo likae kivulini, na lioshwe kila siku. Siku hizo msiwape maganda ya mayai yaliyosagwa wala chokaa kwenye pumba, maana oksitetrasaiklini inashikana na madini hayo haifiki mwilini ipasavyo. Yule ambaye hanywi kabisa ashikwe, anyweshwe taratibu kwa kijiko pembeni ya mdomo.

Na dawa imalizwe siku zilizoandikwa. Najua nyumba yetu: siku ya pili jicho likifumbuka, pakiti inafungwa na kuwekwa juu ya kabati kwa ajili ya mwakani. Hivyo ndivyo vijidudu vinavyozoea dawa, na mwakani haitafanya kitu. Mayai ya kipindi cha dawa msile wala msiuze, na nyama vilevile, mpaka zipite siku zinazotajwa kwenye pakiti.

Shangazi anasema shubiri na pilipili. Mwambieni namheshimu, na shubiri kidogo kwenye maji haijaua kuku ninayemjua mimi, lakini maji ya shubiri yakikaa bandani kuku hawatakunywa ya dawa. Asubiri zamu yake. Majani ya mlonge na mchicha, hayo wapeni kwa wingi, kwani kuku asiyepata majani mabichi njia zake za pumzi huwa dhaifu na macho yake huvimba kwa urahisi. Watoto nao wasiogopeshwe, mafua haya hayampati binadamu. Wanawe tu mikono.

Mlitaka kuwachanja chanjo ya kideri ili "wapate nguvu". Hapana, sio sasa. Chanjo ya kideri ni ya kideri, mafua haiyagusi, na kuku mgonjwa hachanjwi. Wakishatulia, au mkianza na kuku wapya, hapo iwe lazima: ile ya I-2 inayotengenezwa Kibaha, tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, wakubwa kwa vifaranga. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ndiyo maana imetufaa watu wa Pwani, ila isiwekwe juani kwenye kapu la baiskeli kama nilivyosikia ilivyofanywa mtaa wa pili. Kideri hakina dawa. Kikiingia, mmechanja au mmekwisha.

Mama, sasa nafika kwenye jambo ambalo najua hutalipenda.

Dawa itawaponyesha. Uso utashuka, watataga tena, nawe utasema yamekwisha. Lakini mafua haya hayadumu bandani. Nje ya mwili wa kuku vijidudu vyake vinakufa ndani ya siku chache tu, jua na ukavu vinavimaliza. Yanakodumu ni ndani ya kuku aliyepona. Atakaa miezi, pengine mpaka kufa kwake, na kila utakapoingiza mtetea mpya, huyo mpya ataugua, na wale wa zamani wakipatwa na mvua au njaa watarudia. Nakumbuka ulivyosema mwaka jana kwamba kuku wa kununua "hawana bahati" na uwanja wetu. Huenda ni haya haya tangu wakati huo.

Shambani kwetu huku utaratibu ni mmoja. Kuku wa banda moja wanaingia siku moja na wanatoka siku moja, hakuna kumtia mgeni katikati. Wakitoka, banda linafagiliwa, linaoshwa, linakauka, linapumzika, ndipo wengine waingie. Kila banda lina viatu vyake, na mlangoni pana beseni la dawa ya kukanyaga. Mwanzoni niliona ni madoido ya wazungu. Kisha mwaka jana mwezi wa Novemba yakaja mafua mengine kabisa, mafua ya ndege yanayoua, na serikali ya hapa Uingereza ikaamuru kuku wote wa England wafungiwe ndani kuanzia tarehe 7, hata wa bibi mwenye kuku watatu bustanini. Hawakufunguliwa mpaka tarehe 18 Aprili mwaka huu. Kuku wa kuzurura wamekaa ndani majira yote ya baridi na watu wakatii, kwa kuwa waliona jirani akipoteza banda zima. Ugonjwa huo sio wenu, usije ukaogopa. Nakueleza uone kwamba hata wenye fedha na maabara wanarudi kwenye kufunga mlango.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: wakishapona, na siku za dawa zikipita, wachinjwe wote. Idi ya kuchinja inakuja mwishoni mwa Juni, nyama haitakosa walaji. Msiwauze wakiwa hai, si Mgandini wala kwa jirani, wala usimpelekee mtu zawadi ya jogoo Pongwe, tutakuwa tumemzawadia maradhi. Banda lisafishwe, lipakwe chokaa, likae tupu wiki tatu. Kisha tuanze na vifaranga wa mahali pamoja panapoeleweka, fedha nitatuma.

Najua utaniuliza kuhusu jogoo wako wa kuchi. Nimemwona pichani, urefu ule, shingo ile, na jicho limevimba kama ndimu. Nimelifikiria sana suala lake. Mafua haya hayapiti kwenye yai, kwa hiyo mbegu yake inaweza kubaki: mayai ya tembe aliowapanda yakiatamiwa na koo mzima wa uwanja mwingine, vifaranga watatoka salama. Lakini mafua sugu ya kukoroma yenyewe yanapita kwenye yai. Ndiyo maana nataka afisa mifugo aseme kwanza ni yapi, na kama anaweza kupeleka sampuli maabara, gharama ni yangu. Ikiwa moyo wako unakataa kabisa kuwachinja, ipo njia ya pili: bakini na hao hao, asiingie mgeni hata mmoja, mle mayai yao na mwachinje mmoja mmoja mpaka waishe, ndipo banda lipumzike. Ni njia ndefu na itakulia pumba, na mimi nisingeichagua, lakini banda ni lako. Njia ya tatu, ya kuponya na kuchanganya na wapya, ndiyo ninayokuomba usiifuate.

Mdogo wangu: waliovimba uwatenge leo, upande wa jikoni la zamani, mbali na upepo unaoelekea kwa wazima. Wifi ahudumie wazima kwanza, wagonjwa mwisho, kisha anawe na kubadilisha kandambili. Kopo la maji ulifunike kwa waya kunguru wasiogee humo. Aliyekufa azikwe kwa kina, asitupwe jalalani.

Nitapiga Jumapili baada ya adhuhuri. Kabla ya hapo nataka picha mbili, ya ndani ya midomo yao na ya kinyesi cha asubuhi, na jibu la afisa mifugo. Mpe shangazi salaam zangu, na umwambie barua hii haikuandikwa dhidi yake.

Wasalaam,
Mwanao