Utalii wa Wami'kmaq uwe mikononi mwa Wami'kmaq

Ndugu Mhariri,

Makala nyingi kuhusu utalii wa wenyeji wa asili wa Kanada husifu ngoma na manyoya, zikaishia hapo. Naomba nafasi nieleze jinsi utalii unavyowasaidia Wami'kmaq wa mashariki ya nchi hiyo kupona, na unapowadhuru.

Kuanzia 1930 hadi 1967 watoto wao walipelekwa katika shule ya bweni ya Shubenacadie, Nova Scotia, wakawa wanaadhibiwa kwa kusema lugha yao. Wengi walipokuwa wazazi hawakuwarithisha wanao lugha hiyo. Mwaka 2022 jimbo lilitunga sheria ya kuitambua kuwa lugha ya kwanza ya Nova Scotia. Ni jambo jema, ila mtoto hajifunzi kuzungumza kwa sheria. Kijana anayewatembeza wageni kwenye njia ya Goat Island, katika jamii ya Wami'kmaq ya Eskasoni, lazima kwanza akae na wazee awaulize habari za miti, samaki na dawa. Bibi aliyechapwa kwa kutamka neno sasa anafuatwa na mjukuu anayelihitaji neno hilo kazini. Kwangu mimi, uponyaji ndio huo.

Tazama sanaa yao ya kupamba gome la mti kwa miiba ya nungunungu. Miiba huoshwa ikatoka mafuta, huchambuliwa kwa unene, hutiwa rangi, kisha hulowekwa mpaka ilainike. Gome la mti wa betula hutobolewa kwa maharazi, matundu mawili kwa kila mwiba, na ncha zake hupenyezwa na kukunjwa upande wa nyuma. Gome likikauka hujikaza na kuubana mwiba bila gundi. Tundu likizidi unene wa mwiba, mwiba huchomoka. Mwiba ukikauka kabla ya kukunjwa, hupasuka. Gome lenyewe huvunwa mwanzoni mwa kiangazi, linapobanduka kwa urahisi, na kisu kikizama hadi gome la ndani kuzunguka shina, mti hufa.

Sasa mletee fundi huyo basi zima la wageni kwa saa moja. Hawezi kumsimamia kila mmoja, miiba inakauka mikononi mwao, na anaishia kuwauzia vipuli. Kundi liwe la watu sita au wanane, vipande vya gome vitobolewe mapema, kila mgeni ashone ua moja dogo. Na bei ihesabu pia siku za kukusanya na kuchambua, ambazo mgeni hazioni.

Yapo pia ya kutoonyeshwa ovyo. Michoro ya kale kwenye mawe ya Kejimkujik, hifadhi ya taifa huko Nova Scotia, hufikiwa kwa kuongozwa tu, kwani jiwe lake ni laini na kiatu kinaweza kulikwaruza. Kwenye mikusanyiko ya ngoma, unyoya wa tai, ambao kwao ni mtakatifu, ukianguka, kamera zote zinashushwa. Wakala anayemwahidi mgeni picha za kila kitu anauza kisicho chake.

Msomaji anayepanga safari aulize kabla ya kulipa: mwongozaji ni wa jamii hiyo? Kituo kinaendeshwa na nani? Huko Metepenagiag katika jimbo la New Brunswick, na Lennox Island katika jimbo la Prince Edward Island, wenyeji ndio wanaopokea wageni. Aanzie huko.

Wako,
Msomaji