Shangazi, usikubali watoe kizazi peke yake

Shikamoo Shangazi.

Jana ulinisomea kwenye simu ile karatasi ya maabara, herufi moja moja, mpaka tukalipata neno lenyewe: serasi, aina ya saratani ya kizazi. Kisha ukasema hospitali ya hapo karibu watakutoa kizazi Jumatatu. Sikulala. Naandika hadharani kwa kuwa kuna akina mama wengine wameshika karatasi kama yako.

Hii siyo ile saratani ya mlango wa kizazi wanayochanjwa wasichana. Ni ya ukuta wa ndani wa kizazi. Nyingi za huko hukua taratibu, na kukitoa kizazi mara nyingi kunatosha. Serasi haiko hivyo. Katika wagonjwa 100 wa saratani ya ukuta huo, wenye serasi ni kama 10 tu, lakini katika vifo 100, karibu 40 ni vyake. Hupita kwenye mirija ya uzazi ikaangukia tumboni hata pale ambapo kwenye kizazi chenyewe bado ni ndogo.

Kwa hiyo bingwa wa saratani za wanawake hutoa kizazi na shingo yake, mirija na ovari zote mbili. Hukagua tumbo zima, huchunguza tezi za limfu za nyonga, na huchukua ule utando wa mafuta unaofunika utumbo. Unaujua: ule mweupe kama kitambaa cha kufuma, unaouona mbuzi wa Idi akipasuliwa. Mbegu za serasi hupenda kujishika hapo. Baadaye mara nyingi hufuata dawa za kemo, pengine na mionzi.

Wifi yako, mama yangu, aliambiwa ni uvimbe wa kawaida. Walimpasua, nyama ikabaki kwenye ndoo ya bluu mlangoni, haikupelekwa maabara. Ndoo ile niliiruka kwa mguu wangu nikiingia kumwona. Baada ya miezi saba tumbo lake likajaa maji, na hakuna aliyeweza kutuambia kilichotolewa mwanzo kilikuwa nini. Mpaka leo nina uchungu nalo.

Jumatatu usiende, Shangazi. Nakuja Jumapili kwa basi la asubuhi. Tutaomba maabara watupe vile vioo walivyopimia na kipande cha nyama, twende navyo Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na daktari tutamwuliza ameshafanya operesheni ngapi za serasi. Hutamkosea adabu, nitauliza mimi.

Ile karatasi iweke kwenye kopo la vyeti, isilowe.