Chuma nacho hushikwa na mfupa

Mikindani, Mtwara

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Hatujambo, baba yako yuko Newala kwenye korosho. Hela ya dawa imefika, Mungu akuzidishie.

Uliniuliza kwenye simu: nyonga si imeshawekwa ya chuma, vidonge vya mifupa vya nini tena? Nilikujibu kwa mkato, na jambo lenyewe si la mkato.

Chuma hakijishikilii chenyewe, mwanangu. Kijiti chake kimezamishwa ndani ya mfupa wa paja, kikombe kimekaa kwenye mfupa wa nyonga. Mfupa ukilika pembeni, chuma huanza kucheza kama mpini wa jembe. Mimi mifupa yangu ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, ndiyo maana kuteleza tu ukumbini kulitosha kunivunja. Tena plastiki iliyomo kwenye kiungo husagika kidogo kidogo kwa miaka, na ule unga wake huzichochea seli zinazokula mfupa. Alendroneti, ndivyo hivyo vidonge vya mifupa ninavyomeza, inazizuia seli hizo hizo.

Kuna utafiti wa Uingereza wa 2011 uliofuatilia watu waliowekewa nyonga na magoti bandia. Waliotumia dawa za jamii hii walirudia upasuaji kwa kiwango cha karibu nusu ya wenzao. Lakini watu hawakugawiwa dawa kwa kura, huenda walitofautiana kwa mengine pia. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa hii inazuia nyonga kulegea, usilichukue kama jambo lililokwisha thibitika. Mimi naimeza kwa ajili ya mgongo na nyonga ya pili. Chuma nacho kikifaidika, alhamdulillahi.

Ijumaa alfajiri naswali kwanza kwenye kiti, kisha nameza kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa glasi nzima ya maji matupu. Nakaa wima barazani nusu saa, chai na muhogo vinasubiri. Nikijilaza mapema kitaniunguza koo. Mdogo wako hunihimiza ninywe chai kwanza. Mwambie aache, dawa ikichanganyika na chakula haiingii mwilini.

Linalonitia hofu ni maumivu mapya ya paja au kinena. Jirani yetu aliyapata, akaongezewa vidonge vya maumivu tu, miezi ikapita bila picha. Huenda ni chuma kinalegea. Huenda pia ni ufa kwenye mfupa wa paja, ambao dawa hizi zenyewe, zikitumiwa miaka mingi, huweza kuuleta, ingawa ni mara chache. Vidonge vya maumivu havitakuonyesha ni kipi. Nikikwambia paja linauma, usinitumie hela ya dawa, nitumie nauli na hela ya eksirei. Na nikitaka kung'oa jino, daktari wa meno lazima ajue ninameza nini.

Zile picha za baada ya upasuaji ziko kwako Dar. Mpe dereva wa basi bahasha yote, nizipeleke Hospitali ya Kanda, Mitengo. Daktari akipiga mpya anataka ya zamani ya kulinganishia.

Mama yako