Malalamiko kuhusu bwawa linalovuja, mpini wa koki na chupa iliyomwagwa

Kamati ya Bwawa la Kijiji,
Wilaya ya Kilosa, Morogoro.

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Ujenzi.

Ndugu Meneja,

YAH: BWAWA LINALOVUJA, MPINI WA KOKI NA CHUPA ILIYOMWAGWA

Tafadhali husika na somo hapo juu.

Salamu zetu mzipokee. Sitaeleza bwawa ni lipi wala mkataba unasemaje kuhusu kipindi cha matazamio, yaani muda ambao kasoro za ujenzi bado ni zenu kurekebisha; mafaili mnayo na saini ni zenu. Naandika kwa sababu Jumanne iliyopita mhandisi wenu alimwaga ushahidi wetu huku namtazama, na tangu siku hiyo usingizi nausikia kwa jirani. Mawingu yanajikusanya upande wa Mpwapwa. Mnajua maji ya huko yanashukia wapi.

Tuta linavuja. Upande wa chini, hatua kama kumi na tano kutoka kwenye bomba la kutolea maji, pana tundu la kuingia kidole gumba. Krismasi maji yalikuwa meupe tukanyamaza, maana bwawa la udongo halikosi kuchuja kidogo. Mwezi wa pili yakaanza kutoka na rangi ya chai ya maziwa. Maji meupe ni maji tu. Maji ya tope ni tuta lenyewe linaondoka kutoka ndani, kijiko kwa kijiko. Hilo nililijua kwa fundi wenu, siku ile ya semina chini ya mwembe, tukinywa soda mlizotuletea.

Na koki je? Bwawa hili halikuchimbwa ili ng'ombe wanywe. Kazi yake ni kupokea maji ya ghafla na kuyaachia taratibu kwa bomba la chini, ili mvua kubwa ilikute tupu. Leo limejaa, limebakiza kama mita moja kufika kwenye utoro, ile njia ya kutolea maji yanayozidi, na masika haijaanza. Haliwezi kupunguzwa kwa sababu mpini wa kufungulia koki uliondoka na gari lenu mwezi wa kumi na moja. Tumejaribu spana ya fundi baiskeli. Ikapinda.

Hiyo Jumanne nilifika ofisini kwenu saa mbili asubuhi na chupa ya lita moja na nusu, niliyoikinga mwenyewe kwenye lile tundu. Nilikaa kwenye benchi la mlinzi mpaka saa saba. Mhandisi alipotoka nilimwonyesha tope lilivyotuama chini, unene wa vidole viwili. Akaipokea, akafungua kifuniko, akamwagia buti zake zilizokuwa na vumbi. Akasema, "Mama, tuta linatoka jasho tu. Hata wewe umetoka jasho."

Nilisahau kusema kwamba kabla ya hapo, Januari, mwenyekiti wetu alipiga simu mara nne kuulizia mpini. Mara ya kwanza aliambiwa mhusika yuko kikaoni, ya pili kikaoni, ya tatu safarini. Ya nne ilikatwa.

Ndugu Meneja, sisi mafuriko hatukuyasoma gazetini. Mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulipojaa, reli ilikatika na watu wa wilaya hii walilala kwenye mahema. Mwanangu wa mwisho nilimbeba mgongoni maji yakiwa kiunoni. Kule Solai, Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo lilipasuka likaondoka na watu zaidi ya arobaini. Chini ya tuta lenu kuna kaya, kuna zahanati, kuna shule ya msingi. Ramani ya mradi inazionyesha, mliichora ninyi.

Naomba nirudie habari ya chupa, maana nahofia huko juu mmepita haraka. Kijana yule ni rika la kitinda mimba wangu. Shikamoo hakunipa, nikasema moyoni, labda mjini zimekwisha. Nilimshikia chupa kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu kitu cha thamani. Hakuitazama hata kwenye mwanga. Alimwaga polepole, buti la kulia kwanza, halafu la kushoto, na tope la mwisho akalikung'utia chini kwa kugonga kitako cha chupa. Mlinzi alicheka, kisha akaona uso wangu akanyamaza. Chupa akanirudishia. Nikasema "asante." Hiyo asante ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Tunachoomba ni kidogo. Leteni mpini wa koki, na mhandisi mwingine aje alitazame tundu ndani ya siku kumi na nne. Na huyu wa kwanza aje naye, aombe radhi kwenye mkutano wa kijiji.

Ila nikihesabu siku kumi na nne naona zinaingia ndani ya masika. Basi ziwe saba. Mpini uje kwanza, hata kwa bodaboda, nauli tutachanga. Na gharama ya kuziba tundu ni yenu, msije na hadithi ya nguvu za wananchi. Nguvu zetu mlishazitumia kubeba mawe.

Kama siku saba zitapita kimya, barua hii itakwenda Ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 haikusahau usalama wa mabwawa. Itakwenda pia Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi pamoja na maelezo ya buti. Halmashauri tutaiomba isiwalipe fedha iliyobaki. Mkuu wa Wilaya anakuja huku Ijumaa. Kwa hiyo, kusema kweli, mna mpaka Alhamisi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kamati ya Bwawa

N.B. Leo asubuhi nimekinga chupa ya pili. Ipo kwa Mtendaji wa Kijiji, imefungwa kwa nailoni, ina saini tatu. Tundu sasa linaingia vidole viwili.