Kilemba si kitambaa cha kujikinga jua

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili juu ya stempu za kale niliisoma kwa raha mpaka nilipofika pale mwandishi anaposema masultani wa Zanzibar walichorwa "bila alama ya ufalme", maana hawakuvaa taji. Nilikuwa karani wa posta, na albamu aliyoniachia marehemu baba bado ninayo. Nikaitoa barazani, nikachukua na lenzi.

Stempu ya 1896 ina sura ya Sayyid Hamed bin Thuwaini. Ndevu zake zimechongwa kwa mistari myembamba kama unywele, na bendera zake ni nyekundu. Stempu yenyewe hubadilika rangi kwa kadiri ya thamani yake. Bendera hazibadiliki. Kichwani ana kilemba, kimefungwa kwa namna ya ukoo wa Busaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar. Mhariri, hilo ndilo taji lake! Hata lugha yetu inajua: mtu akivishwa sifa za uongo tunasema amevishwa kilemba cha ukoka.

Kama taji ndiyo kipimo, basi watazame na Waingereza. George V kwenye shilingi ya Afrika Mashariki ana taji, lakini mwanawe George VI yuko kichwa wazi. Sijamsikia mzee yeyote akisema huyo hakuwa mfalme.

Kasoro niionayo mimi ni nyingine. Pwani hii ufalme ulisikika kabla ya kuonekana: siwa, lile baragumu kubwa la kifalme, ya Pate ya pembe za ndovu, siwa ya Lamu ya shaba, ngoma. Mchongaji wa stempu, hata awe fundi vipi, mlio wa siwa atauweka wapi?

Jambo moja mwandishi alilipita, nami naliona tamu kuliko yote. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu zilizokuwapo hazikutupwa. Ziligongwa JAMHURI 1964. Lakini sura iliyo kwenye zile za 1961 ni ya Sayyid Abdulla bin Khalifa, aliyefariki 1963. Aliyepinduliwa ni mwanawe, Jamshid. Nyingine ziligongwa kwa mkono, kwa hiyo hazilingani. Yangu moja, yenye picha ya karafuu, neno limekwenda upande, likaangukia majani. Kilemba cha mzee hakikuguswa.

Karani mstaafu,
Kikwajuni, Unguja