Mama, mwambieni zamu yake imekwisha

Mama, asalam alaykum warahmatullah. Nakusalimu wewe na mjomba na mamadogo na watoto wote hapo Langoni, Lamu. Mimi huku Rostock, Ujerumani, sijambo alhamdulillah, baridi tu ndo inatumaliza, maji ya mtoni yameganda kandokando na saa kumi jioni jua lishazama zamani. Pesa nlizotuma juzi natumai zimefika.

Voisi noti yako ya Jumapili nimeisikiza mara tatu. Pale uliposema mdogo wangu halali, kwamba mchana anajifungia na usiku anapanda darini anakaa peke yake akiangalia bahari mpaka adhana ya alfajiri, na kwamba jirani mmoja kakwambia mtoto amerogwa. Nimeona niandike badala ya kupiga, manake kwenye simu tunaishia kulia sote wawili na neno halifiki. Mwambie binti ya mamadogo akusomee polepole, na mdogo wangu asimsomee, isomeni nyinyi kwanza.

Nataka nikuhadithie habari ya mzee mmoja hapa kazini. Si unajua nahudumia wazee, na wiki hii niko zamu ya usiku. Huyu mzee jina lake silitaji, ana miaka 80 na kitu, ujanani alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya kufagia mabomu ya baharini, jeshi la wanamaji la ile Ujerumani Mashariki iliyokuwa nchi mbali kabla haijaungana na ya Magharibi. Makao makuu ya wanamaji hao yalikuwa hapa hapa Rostock. Sasa mama, ile nchi ilikufa kwa siku moja. Ukuta wa Berlin ulifunguka Novemba 1989, halafu usiku wa tarehe 2 Oktoba 1990 ilipofika saa sita jeshi lao halipo tena. Askari kama 90,000 walilala na nguo za jeshi moja wakaamka chini ya jeshi lililokuwa adui yao juzi, majenerali na maadmirali wote walishaachishwa kabla ya siku yenyewe, wachache wakachukuliwa, wengi wakarudi makwao. Na waziri wao wa mwisho alikuwa mchungaji wa kanisa, Rainer Eppelmann, ambaye ujanani alifungwa jela kwa kukataa kula kiapo cha jeshi, na wizara yenyewe ikaitwa ya kupunguza silaha na ulinzi. Mzee ananihadithia hilo kila mara na kila mara anatikisa kichwa. Meli zao 39 baadaye zikauzwa Indonesia. Anasema lile ndo lilimuuma kuliko bendera kushushwa, manake injini ile alikuwa anaijua kwa mlio, akisikia tu anajua bomba lipi halijakaa sawa, sasa ipo bahari nyengine mikononi mwa watu hawajui hata jina lake.

Na huyu mzee mama hakupigana vita. Hakupiga risasi hata moja, lile jeshi lote lilikaa miaka 34 likingoja vita ambayo haikuja. Lakini kila usiku saa kumi kasorobo anaamka. Kila usiku! Anakaa kitandani, anavaa viatu vyake vya nyumbani anafunga kamba ambazo hazipo, vidole vinazunguka tu hewani, kisha anakwenda kwenye kile kifaa cha kupashia chumba joto anakigusa kwa kiganja, anainama anasikiliza, halafu anachukua daftari anaandika saa na namba. Anaingia zamu ya saa kumi. Nilipoanza kazi hapa wenzangu walinambia mpe kidonge, mrudishe kitandani. Nikimrudisha anakuwa mkali, anatetemeka, manake kwake yeye mimi namtoa mtu zamu na injini inabaki bila mwenyewe.

Usiku mmoja nikamkumbuka babu, Mungu amrehemu, alivyokuwa akihadithia safari za jahazi, kwamba mshika usukani haachi msukani mpaka mwenzake auguse kwa mkono na aseme nimeupokea. Basi nikavaa koti, nikaenda nikasimama mbele yake wima, nikamwambia kwa Kijerumani changu hiki hiki, mzee nimekuja kukupokea, zamu yako imekwisha, kuna la kunambia? Akaniangalia. Akanisomea namba zake zote, joto, mafuta, kila kitu, akanipa daftari mkononi. Akaenda kulala mpaka saa mbili asubuhi. Tangu siku ile nafanya hivyo kila usiku nikiwa kazini, na wenzangu wa zamu nyengine nimewafundisha.

Nlipomaliza usiku ule wa kwanza nilikaa kwenye korido nikalia mama, nikiwaza mdogo wangu.

Wewe unakumbuka aliingia jeshini kwa sababu gani. Mwaka 2011, Septemba wale Waingereza wa kule Kiwayu, mume akauawa na mke akachukuliwa, halafu Oktoba mosi yule mama wa Kifaransa wa Manda akabebwa kwenye boti na akafia huko. Mwezi ule ule jeshi letu likavuka mpaka kuingia Somalia. Hoteli zikafungwa, wageni wakakatika, mashua ya mjomba ikalala kwenye matope miezi, na mdogo wangu kamaliza skuli hana la kufanya. Nafasi zilipotoka akaenda, tukampigia vigelegele. Hakuna aliyemdanganya, alikwenda mwenyewe na alikuwa na fahari, na muda wake kaumaliza vizuri, kapewa makaratasi yake. Lakini angalia mambo yalivyokuwa. Asubuhi mtu ni askari, kesho yake yuko Mokowe na begi anangoja boti ya kuvuka, kesho kutwa anaulizwa na watu wa barazani umetuletea nini. Nani aliyemwambia nimekupokea?

Na kule alikokwenda si ugenini kwetu. Ras Kamboni ni hapo tu upande wa Somalia ukipita Kiunga, bibi alikuwa akihadithia wakienda harusini huko kwa mashua. Alinambia jambo moja tu, mara moja, usiku kwenye simu, kwamba nyumba moja walioingia kupekua mwanamke alikuwa akilia ndani na alikuwa akilia kwa Kibajuni, maneno yale yale ya bibi, na yeye kasimama mlangoni na bunduki hajui aseme nini. Hakunambia zaidi na mimi sikumuuliza. Usimuulize na wewe mama. Akitaka atasema.

Nikisema bibi nakumbuka lile jembe. Lile bila mpini lililokuwa chini ya kitanda chake, tukikatazwa kulishika. Mimi nilikuwa mkubwa ndo nikajua ni la shamba lao la bara, kule walikokimbia wakati wa shifta, ile vita ya Wasomali wa Kenya kutaka kujitenga, vijiji vikachomwa watu wakavuka visiwani na wengine wakashuka mpaka Malindi na Mombasa. Vita ile ilianza 1963, na Oktoba 1967 wakubwa wakatia saini Arusha, mbele ya Kaunda, Kenya na Somalia, yakaisha. Sawa, kwao yaliisha. Bibi kafariki 2006 na mpaka siku zile bado alikuwa akisema "tukirudi". Hakuna aliyekuja kumwambia mama rudi shambani kwako, au mama usirudi tena shamba limepotea. Akangoja tu na jembe lake, miaka 40 karibu. Kwa hivyo nikisikia watu wanasema mwanajeshi ndiye anayerudi kutoka vitani, mimi naona na raia pia anahitaji kurudishwa, na sisi hatukurudishwa.

Huku nimejifunza kwamba raia wasiporudishwa mambo yanaharibika vibaya. Nikienda kazini napanda treni ya kwenda Warnemünde, inapita Lichtenhagen, na hapo kuna jengo refu lina maua ya alizeti yamechorwa ukutani. Agosti 1992, watu wengi kazi zishawatoka, ile nchi waliyoijua haipo, umati ukalizunguka jengo lile siku kadhaa, ndani kuna Wavietnamu waliokuja kufanya kazi enzi za serikali ya zamani, wakalitia moto na watu wa mtaa wanapiga makofi. Zaidi ya watu 100 waliponea kwa kupitia paani. Kila nikipita pale naangalia lile paa. Na wapo walioshughulika kurekebisha, kuna mchungaji wa hapa hapa Rostock, Joachim Gauck, yeye alipewa ofisi ya mafaili ya usalama wa taifa wa ile nchi ya zamani, na kuanzia Januari 1992 mtu aliweza kwenda kusoma nani alimchunguza, baadaye akawa rais wa nchi. Mzee wangu hakwenda kusoma lake. Anasema jirani yake alimsaidia kumzika mkewe, hataki kujua mengine. Sijui kama ningekuwa mimi ningeweza.

Nalisema hili kwa sababu umenambia mdogo wangu akikaa barazani watu wananyamaza. Mama, hilo ndilo linalomuua, si jini. Tangu mauaji ya Mpeketoni 2014 na kafyu ile na watoto kuchukuliwa usiku, watu wetu wanaogopa kila anayenukia serikali, nawaelewa kabisa, na nina uchungu huo huo. Lakini huyu ni mtoto wao, kacheza gololi kwenye vichochoro vile. Mjomba akae naye pale barazani, karibu na bega, aagize kahawa, aanzishe mazungumzo ya samaki. Mjomba akizungumza hakuna atakayenyamaza.

Kombe mpe, kisomo msomee, sikukatazi, mimi mwenyewe namuombea. Lakini pia nenda naye kwa daktari wa akili, usione haya, huku wapo wanajeshi wanaokwenda. Fataki za harusi ya hapo jirani mwezi ujao ukiweza mpeleke Matondoni siku ile, usimwambie kwa nini. Watoto waache kumwita Afande. Na habari ya kumuoza tuiache kwanza, tusimtwishe mtoto wa watu usiku asioujua.

Mjomba nimemtumia shilingi 15,000, za spana na plagi za ile mashine ya boti iliyokufa. Mdogo wangu jeshini alikuwa kwenye magari, anajua injini. Asimwambie njoo nikusaidie, amwambie mashine imenishinda, manake kweli imemshinda.

Sasa la mwisho ndo kubwa, na nakuomba usicheke na mjomba asicheke. Usiku wa leo, kama saa kumi kasorobo kabla adhana, mjomba apande darini. Avae kanzu safi na kofia. Asimwambie shuka ulale, asimwambie una nini. Asimame mbele yake, amuulize usiku ulikuwaje, ameona nini baharini. Amsikilize mpaka amalize, hata kama ni taa ya mvuvi mmoja tu. Halafu amwambie, haya mwanangu nimekupokea, zamu yako imekwisha. Na kisha akae pale yeye mjomba, akae kweli mpaka kuche, manake mdogo wangu ataamka katikati atachungulia kuona kama kuna mtu.

Mimi saa ile huku itakuwa saa nane kasorobo, nitakuwa kwenye korido nangoja mzee wangu aamke. Nitakuwa macho. Mkinipigia nitashika.

Mwanao